Fizi na Baraka: Bunduki ya vita si chombo cha kutawanya raia

Katika Kiswahili cha kila siku cha Fizi na Baraka, polisi na soda ni watu wawili. Polisi ni mtu wa mji: anashika mwizi, anaingilia ugomvi wa baa, anasimama sokoni siku ya msongamano. Soda ni mtu wa vita: kazi yake iko mbele, kumngoja adui wa nchi. Hata mtoto wa shule ya msingi anajua tofauti hiyo. Lakini jioni, kwenye bariere, mama anayerudi nyumbani na beseni lake la ndagala anawakuta watu ambao mikononi mwao iko bunduki ileile, AK-47, na mara nyingi koti la mvua limefunika nguo ya kazi. Hapo hasemi tena polisi wala soda. Anasema "wale wenye bunduki", na mkono unaingia mfukoni kutafuta franga kabla ya kuulizwa.

Maneno hayo matatu yanaeleza shida kuliko ripoti nyingi za semina. Sheria ya Kongo ilitenganisha kazi ya polisi na kazi ya jeshi. Vyombo vya kazi havikutenganishwa. Na katika saa mbaya, chombo ndicho kinachoamua. Polisi sita wanatumwa kutawanya vijana mia wanaodai mwenzao aachiliwe. Hawana ngao, hawana kofia ngumu, hawana gesi ya kutoa machozi, hawana gari la kurudi nyuma, na redio ya kuita msaada, kama ipo, betri imekwisha. Wana vitu viwili: mdomo na bunduki ya vita. Mdomo ukishindwa, inabaki bunduki.

Risasi ya bunduki hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mji. Inaweza kuua mtu aliye mbali zaidi ya mita 300. Ukuta wa udongo au wa mbao hauizuii, bati halijui hata kama imepita. Ile inayoitwa risasi ya kutisha, inayopigwa juu hewani, lazima ishuke mahali. Watu wa Uvira wanalijua hilo tangu mwisho wa Julai 2022, wakati wa maandamano ya kuipinga MONUSCO. Waandamanaji wanne walikufa siku moja, na si kwa kupigwa risasi mwilini: waya wa umeme uliwaangukia, na habari za siku hiyo zilisema risasi ndiyo iliyoukata. Hakuna aliyewalenga. Lakini wamezikwa.

Kabla ya kudai sheria mpya, ni haki kukumbuka ile iliyopo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema polisi ya taifa ina kazi ya usalama wa watu na mali zao na utulivu wa umma, kwamba si ya chama chochote, kwamba hakuna mtu anayeweza kuigeuza kwa faida yake, na kwamba iko chini ya mamlaka ya kiraia ya mahali. Jeshi limeandikwa katika sehemu nyingine, na kazi nyingine. Tarehe 11 Agosti 2011 zikatoka sheria mbili siku moja, moja ya jeshi na moja ya polisi, na hii ya polisi, namba 11/013, inaweka masharti: nguvu itumike pale tu isipoepukika, kwa lengo halali, kwa kiasi kinacholingana na hatari, na kwa kupanda hatua kwa hatua. Hayo ni maneno mazuri. Kanuni ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha Havana mwaka 1990 zinaenda mbali kidogo: zinasema polisi wapewe vyombo vya aina mbalimbali, ngao na kofia na fulana za kuzuia risasi, ili wasilazimike kukimbilia bunduki, na zinadai kila bunduki na kila risasi inayotolewa ghalani iwe na mtu wa kuitolea hesabu.

Sasa mtu akisoma sheria ya 2011 akiwa amesimama mbele ya komisaria ya Baraka, ataona pengo lake mara moja. "Kupanda hatua kwa hatua" kunahitaji ngazi. Polisi wa Fizi wamepewa ngazi yenye hatua ya kwanza na ya mwisho, katikati hamna kitu. Na sheria haimpi raia, wala chefu wa kartie, wala kiongozi wa shirika la raia, njia yoyote ya kuuliza swali dogo: ndani ya ghala hili kuna silaha gani, ngapi, na jana zilitoka ngapi?

Swali hilo si la kutafuta ugomvi. Kivu ya Kusini imelipa bei ya kutoliuliza. Tarehe 15 Septemba 2017, huko Kamanyola, wakimbizi wa Burundi walikusanyika kudai wenzao waliokuwa wamekamatwa. Vikosi vya usalama, askari jeshi pamoja na polisi, vilifyatua risasi katika umati. Zaidi ya wakimbizi 30 walikufa, na afisa mmoja wa jeshi naye aliuawa siku hiyo. Kwa watu wa Fizi hiyo si habari ya mbali. Wilaya yao ndiyo yenye kambi ya Lusenda na makazi ya Mulongwe, ambako wamejaa wakimbizi wa Burundi wenye malalamiko yaleyale: chakula kimepungua, mwenzetu amekamatwa, hatusikilizwi. Kilichotokea Kamanyola kinaweza kutokea Lusenda asubuhi yoyote, kwa sababu wanaotumwa ni walewale na wanachobeba ni kilekile.

Tarehe 30 Julai 2020 huko Sange, bonde la Ruzizi, ilitosha pombe: askari mmoja aliyelewa aliua zaidi ya watu 10 njiani. Na tarehe 30 Agosti 2023 huko Goma, dunia nzima iliona. Wafuasi wa dhehebu moja walitaka kuandamana dhidi ya MONUSCO. Badala ya polisi kutangulia, walitumwa askari wa Gadi ya Jamhuri, kikosi kilichofundishwa kumlinda Rais na kupigana vita. Zaidi ya watu 50 waliuawa. Kanali Mike Mikombe, aliyekuwa akiongoza kikosi hicho mjini Goma, alihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi mwezi Oktoba mwaka huohuo. Hukumu ilitoka haraka, na hilo lisidharauliwe. Lakini hukumu ilimhusu mtu. Mpango wenyewe, ule unaoruhusu kikosi cha vita kupelekwa asubuhi na mapema mbele ya raia wanaoimba, haukushtakiwa.

Fizi yenyewe ilishaona kesi ya namna hiyo. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011, baada ya askari mmoja kuuawa katika ugomvi na raia, wenzake waliingia Fizi-centre kulipiza kisasi. Wanawake wengi walibakwa, nyumba ziliporwa. Mahakama ya kijeshi ikahama kutoka mjini ikaja kukaa Baraka, mbele ya watu, na tarehe 21 Februari 2011 luteni-kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20 gerezani kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, pamoja na askari wengine. Wanawake wa Fizi walifika kutoa ushahidi huku wamefunikwa nyuso. Kesi hiyo ilisifiwa nje ya nchi, na kwa haki. Kinachosahaulika ni mwanzo wake. Ulikuwa ugomvi wa raia na mtu mwenye silaha, jambo la polisi kabisa: kufika, kutenganisha, kukamata, kuandika ripoti. Hakukuwa na polisi mwenye uwezo wa kusimama kati. Wenye bunduki kubwa zaidi ndio walioamua.

Kuna jibu ambalo kila komanda atalitoa, na ni jibu lenye uzito. Atasema: njoo ulale Misisi, au Kilembwe, au juu kwenye milima ya kuelekea Minembwe, ukiwa na kirungu na filimbi. Kundi lenye silaha likishuka, kirungu kitafanya nini? Hilo ni kweli. Fizi si mahali bunduki ilifika jana. Ilikuja na uasi wa 1964. Mwaka uliofuata Che Guevara alikaa miezi katika milima hii akijaribu kuupa uasi huo nguvu. Kisha Laurent-Désiré Kabila na chama chake cha PRP wakashika maquis ya Hewa Bora kwa miaka mingi. Ikaja vita ya 1996, ikaja ile ya 1998, na watu wa Makobola wakauawa kwa mamia mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 1999. Baadaye Yakutumba, na vikundi vingine vya kila jamii, kila kimoja kikisema kinajilinda na jirani. Mtu mzima wa miaka 30 katika wilaya hii hajaishi mwaka mmoja bila kusikia mlio wa risasi. Kumwambia polisi wa huko aweke bunduki chini ni kumtuma akafe.

Hakuna mwenye akili anayedai hivyo. Kinachodaiwa ni kutochanganya kazi mbili. Kituo cha polisi kilicho njiani Misisi, kinachoweza kushambuliwa usiku, kina haki ya kujilinda, na bunduki yake ikae hapo, kwenye daftari. Lakini bunduki hiyo ina kazi gani kwenye foleni ya wanafunzi wa Baraka wanaodai walimu wao walipwe? Ina kazi gani kwenye msafara wa mazishi, mbele ya motari waliokasirika kwa sababu ya bariere mpya, au kwa mama wanaopinga ushuru wa soko? Umati wa raia si kundi la waasi. Anayewatazama wote kupitia tundu moja la bunduki ndiye anayewafundisha vijana kwamba hakuna tofauti, na vijana wa Fizi wanajua vizuri wapi pa kwenda wakitaka bunduki yao wenyewe. Hilo makomanda wanalijua kuliko waandishi wa habari.

Tena, kadiri silaha za vita zinavyokaa mikononi mwa polisi wasiolipwa kwa wakati, ndivyo zinavyopotea. Zinakodishwa usiku, zinauzwa, risasi zinahesabiwa vibaya kwa makusudi. Kila mtu wa Baraka ameshasikia mazungumzo ya namna hiyo, hata kama hakuna anayetaka kuyasema kwa jina lake. Basi kizuizi cha silaha ni faida ya polisi mwaminifu kabla ya kuwa faida ya raia: yeye ndiye anayekutana baadaye na risasi zilizotoka katika ghala lake.

Nchi nyingine zimeshapita katika mabishano haya, na inafaa kuona zilifanya nini. Marekani ni mfano wa ajabu kidogo. Kwa miaka mingi jeshi lake lilikuwa likiwapa polisi wa miji vifaa lililokuwa halivihitaji tena: magari ya deraya, bunduki, hata vifaa vilivyotoka vitani Iraki. Agosti 2014, huko Ferguson katika jimbo la Missouri, polisi aliua kijana mweusi asiyekuwa na silaha, Michael Brown, watu wakatoka barabarani, na dunia ikaona polisi wa mji mdogo wamepanda deraya wakiwaelekezea raia bunduki kama wako Fallujah. Rais Obama akaweka mipaka mwaka uliofuata. Rais Trump akaifuta mwaka 2017. Ndipo likaonekana jambo la maana: amri ya mtu mmoja hufutwa na mtu mwingine. Mipaka iliyodumu ni ile iliyowekwa na majimbo kwa sheria. Montana, mwaka 2015, ilikataza polisi wake kupokea vifaa kama mabomu ya kurusha kwa mkono na ndege zisizo na rubani zenye silaha. New Jersey, mwaka huohuo, ikasema polisi wa mji wasipokee kifaa cha jeshi bila kura ya baraza lao. California, mwaka 2021, ikaenda mbali zaidi: kila kikosi cha polisi lazima kiandike orodha ya vifaa vyake vya kijeshi, kieleze vitatumika lini na vipi, orodha itangazwe siku 30 kabla, ijadiliwe katika mkutano wa wazi, ipigiwe kura na baraza lililochaguliwa, na kila mwaka itolewe hesabu.

Mtu asidanganyike kwamba hilo liliwafanya polisi wa Marekani kuwa malaika. Bado wanaua zaidi ya watu 1,000 kila mwaka. Lakini mwananchi wa California anaweza kwenda mkutanoni, akanyosha mkono, akauliza: hili deraya ni la nini? Na mtu analazimika kumjibu.

Karibu zaidi ni Kenya. Katiba yao ya 2010 inasema jeshi haliwezi kupelekwa kutuliza ghasia ndani ya nchi bila idhini ya Bunge. Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni Nairobi kupinga sheria ya kodi, serikali ilitangaza kupeleka jeshi siku hiyohiyo, ikabidi kesho yake iende kuomba kura ya wabunge. Na Mahakama Kuu ikaiamuru itangaze katika gazeti la serikali askari watafanya nini na kwa muda gani. Vijana wengi waliuawa katika siku hizo, na waliowaua wengi wao walikuwa polisi, si jeshi. Lakini alama ya karatasi ilibaki: nani aliomba, nani alikubali, tarehe gani. Goma, Agosti 2023, karatasi ya namna hiyo ilibidi itafutwe mahakamani, baada ya maziko.

Sasa, je, Baraka inaweza kuiga California? Hapa ndipo jambo linapouma. Kule, anayepiga kura juu ya silaha za polisi ni diwani aliyechaguliwa na watu wa mtaa. Baraka ina jina la mji na ina meya, lakini meya ameteuliwa. Msimamizi wa wilaya ya Fizi ameteuliwa. Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 ulikuwa na madiwani wa komuni, lakini katika miji mikuu ya majimbo tu. Baraka haikupiga kura hiyo. Kwa hiyo Katiba inaposema polisi iko chini ya mamlaka ya kiraia ya mahali, mamlaka hiyo haikuchaguliwa na mtu yeyote wa mahali. Nalo Bunge la jimbo haliwezi kuandika sheria juu ya silaha za polisi, kwa kuwa polisi ya taifa ni jambo la serikali kuu. Polisi wa Baraka akikosea anahukumiwa na mahakama ya kijeshi, Katiba ndivyo ilivyosema, na mama wa kijijini anayetaka kushtaki inabidi ajue njia ya kwenda kwa oditora wa kijeshi. Mtu akiyaweka yote hayo pamoja, anaelewa kwa nini watu wanasema "wale wenye bunduki" na kuishia hapo.

Hata hivyo mlango haujafungwa kabisa. Sheria ya polisi ilizaa mpango wa polisi jirani, na Kivu ya Kusini ilikuwa mojawapo ya majimbo matatu ya kwanza kuujaribu, kwa msaada wa Uingereza. Mpango huo ulileta mabaraza ya mahali ya usalama wa jirani, ambamo meya au msimamizi, polisi, na wawakilishi wa raia wanapaswa kukaa meza moja na kuandika shida za mtaa. Mahali pengi baraza hilo limebaki jina kwenye karatasi, au linakutana pale shirika linapoleta pesa za soda na mandazi. Lakini lipo kwa mujibu wa sheria, na hakuna sheria inayolikataza kuweka swali moja katika kila kikao: daftari la silaha.

Daftari hilo si ndoto. Kongo ni mojawapo ya nchi zilizotia sahihi Protokoli ya Nairobi ya mwaka 2004, inayodai silaha za dola ziwekewe alama na ziandikwe, na ipo tume ya taifa ya kudhibiti silaha ndogo. Kila bunduki ya komisaria inapaswa kuwa na namba. Kila polisi anayeitoa asubuhi anapaswa kutia sahihi, kuhesabu risasi, na jioni kuhesabu tena mbele ya mwenzake. Zikitoka 30 zikarudi 27, zile tatu zimekwenda wapi? Kamishna hahitaji kutangaza kwa waasi idadi ya silaha zake, na hakuna anayeomba hivyo. Inatosha meya, mwakilishi mmoja wa raia na mmoja wa akina mama waione hesabu ya risasi zilizotumika mwezi huo, na sababu yake. Komanda atakayesema hilo linahatarisha siri ya ulinzi aulizwe kwa utulivu ni siri gani iliyoko katika risasi zilizokwisha kupigwa sokoni mchana kweupe.

Meya na msimamizi wa wilaya wana uwezo mwingine ambao hauhitaji kungoja Kinshasa. Wao ndio wanaotoa amri kwa polisi kuhusu utulivu wa mji, na kwa kanuni jeshi linaingia katika kazi hiyo pale tu mamlaka ya kiraia inapoliita. Basi amri iwe ya maandishi. Iseme ni umati gani, saa ngapi, vyombo gani vimeruhusiwa, nani anaongoza; na iseme wazi kwamba safu ya kwanza mbele ya raia haitabeba bunduki ya vita, kwamba wenye bunduki, ikibidi kuwapo, watakaa nyuma chini ya afisa mmoja anayejulikana kwa jina. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Ni vigumu mno kuandika ukurasa mmoja? Maafisa wanaandika kurasa nyingi wanapoomba mafuta ya gari.

Wabunge wa jimbo waliochaguliwa na Fizi nao hawana haja ya kuandika sheria wasiyo na uwezo nayo. Wanaweza kumuuliza gavana na waziri wake wa mambo ya ndani: polisi wa Baraka wana ngao ngapi? Ni polisi wangapi waliofundishwa kusimama mbele ya umati tangu MONUSCO ifunge shughuli zake Kivu ya Kusini, Juni 2024? Wakati kofia za bluu zilipokuwapo, polisi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakitembea na wenzao wa Kongo na kuwafundisha, na mtu aliyefyatua risasi alijua kuna jicho la nje. Februari 2024 kambi ya MONUSCO ya Kamanyola ilikabidhiwa mikononi mwa polisi ya taifa, mahali palepale pa mauaji ya 2017. Majengo yalikabidhiwa. Mafunzo na vifaa vya kazi ya raia, je? Wabunge wa taifa kutoka Fizi, kwa upande wao, ndio wanaoweza kupeleka Kinshasa pendekezo la kuongeza katika sheria ya 2011 kile kinachokosekana: silaha zipi polisi wa mji hawaruhusiwi kuzibeba mbele ya umati, na nani anaionyesha hesabu kwa nani.

Wapo watakaosema huu si wakati wake. Goma ilianguka mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Askari waliorudi nyuma wakashuka hadi Uvira, na hapo wakapigana risasi na Wazalendo katikati ya mji, raia wakiwa ndani ya nyumba zao. Desemba mwaka huohuo M23 ikaingia Uvira, na watu wakakimbilia Burundi na upande wa Fizi, pamoja na kila aina ya mtu mwenye silaha. Katika hali hiyo, nani atahesabu risasi?

Lakini ni hali hiyohiyo inayofanya hesabu iwe ya haraka. Tangu 2023 serikali ilipitisha sheria ya kikosi cha akiba cha ulinzi, na jina la Wazalendo likapata heshima ya kisheria. Leo katika barabara moja ya Baraka anaweza kupita askari jeshi, polisi, mzalendo mwenye karatasi na mzalendo asiyekuwa na karatasi, wote na bunduki ileile. Raia anahitaji angalau mmoja kati yao ambaye anaweza kumkimbilia bila kuogopa, mmoja mwenye jina kifuani, mwenye ngao badala ya magazini mbili zilizofungwa kwa gundi. Huyo kwa sheria ni polisi. Vita ikifika mlangoni, kazi ya kuizuia ni ya jeshi, na polisi aliyegeuzwa askari nusu hatoshi kuizuia. Goma na Bukavu zimeonyesha hilo. Wakati huohuo mwizi anabaki mtaani, wenye nyumba wanagombana na wapangaji waliokimbia vita, foleni ya chakula cha msaada inavurugika, na hakuna polisi wa kuyashughulikia, kwa sababu aliyekuwapo amepewa kazi ya mwingine.

Na polisi mwenyewe asisahauliwe katika mazungumzo haya. Anakaa na familia yake katika nyumba ya kukodi Baraka, watoto wake wanasoma na watoto wa wale anaotumwa kuwatawanya. Mshahara unachelewa, sare anainunua. Akipiga risasi katika umati, mahakama ya kijeshi itamfuata yeye, si aliyemtuma bila ngao. Akikataa, atashtakiwa kwa kutotii. Mpe kofia, ngao, gesi na watu wa kutosha, mpe amri iliyoandikwa, mlipe. Halafu mwambie bunduki inabaki ghalani mpaka meya aseme vinginevyo kwa sahihi yake. Wengi wao wataupokea mpango huo kwa furaha kuliko wanavyodhani wakubwa wao.

Kikao kijacho cha usalama mjini Baraka kitakuwa na mambo mengi mezani: wakimbizi wapya, bariere za barabara ya Uvira, wizi wa pirogi ziwani. Daftari la ghala la komisaria linaweza kuwekwa juu ya meza hiyo bila kungoja pesa za mtu yeyote. Ni kitabu chenye jalada gumu, cha franga elfu chache, kinauzwa sokoni.